Yaya Aliyeligusa Jiwe

Yaya hakuyaamini macho peke yake. Kitu kilipompendeza au kilipomtia shaka, mkono wake ulitangulia. Katika maduka ya Deira, huko Dubai, aliupitisha juu ya majora ya vitambaa mpaka wenye maduka wakamkemea. Katika lile jumba kubwa la maduka la Al Barsha, karibu na nyumba aliyofanyia kazi, niliwahi kumwona amekiegemeza kiganja kwenye nguzo ya marumaru, amefumba macho, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Baridi," aliniambia. "Lakini si baridi ya jiwe. Hii baridi ya mashine."

Nilimweleza kwamba marumaru ni jiwe. Akacheka, akasema pengine, lakini ni jiwe lisilowahi kuliona jua.

Jina lake ninalijua na sitaliandika. Sote tulimwita Yaya, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo tulipomfahamu na ndiyo aliyoondoka nayo. Alikuwa mtu wa pwani ya Kenya, mnene wa mikono, mwepesi wa miguu. Mimi ni mjane kutoka Tanzania. Niliingia Dubai Jumanne, tarehe 6 Septemba 2011, nikapangiwa kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Al Rigga, na chumba cha kulala nilikipanga Deira pamoja na msusi wa Kampala. Yaya aliishi kwa waajiri wake, lakini Ijumaa, siku yake ya mapumziko, aliletwa kwetu na msusi huyo, aliyekuwa akimsuka. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 13 Januari 2012. Aliingia, akatusalimu, akapita moja kwa moja hadi kwenye jiko letu dogo la pembeni, akafunua sufuria zote mbili.

"Mwenzangu, unatukagua?" msusi alimuuliza.

"Kila nyumba ina jiko," alijibu. "Liangalie jiko, utawajua watu. Sebule husema uongo."

Hiyo ilikuwa kanuni yake, na aliishika kama wengine wanavyoishika sala. Popote alipoingia, kwanza alitafuta mahali panapopikwa. Aliwahi kumfuata Madam wake katika nyumba ya kifalme kwenye harusi, na alichokuja kutusimulia ni kwamba masufuria yao yalikuwa na masizi chini kama ya kwetu.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alimsema Madam wake vibaya kuanzia asubuhi hadi magharibi, lakini mapacha wa Madam huyohuyo walipopata homa alilia mbele yetu bila kujificha. Alihubiri kubana matumizi, na kila mwezi akanunua chupa ya marashi. Hakumwogopa mtu, lakini ngazi za umeme za stesheni ya metro zilimshinda; tulimshika mkono kila upande, naye akakanyaga kwa macho yaliyofumbwa huku akisoma dua. Hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo ukimsomea barua mara moja aliihifadhi yote, na siku nyingine ukiruka sentensi angekukatiza: "Hapo umeruka, dada. Palikuwa na salamu za shangazi."

Nitasema sasa jambo ambalo msomaji angelitambua mwenyewe baadaye. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu usingizi wake, kwa maana aliweza kuweka kichwa juu ya kiroba cha mchele na kulala fofofo. Nilimwonea wivu jinsi wanawake waliokusanyika kwetu Ijumaa walivyosogea kumpisha akae katikati, na jinsi mapacha wale, watoto wa watu wengine, walivyolia alipotoka. Mimi walinipisha kwa heshima. Waliniita Mwalimu, kwa sababu niliwajazia fomu na kuwasomea mikataba, na nilipoingia walishusha miguu kitandani. Mtu akishushiwa miguu hawezi kuketi katikati.

Tarehe nazishika kwa sababu. Mume wangu alifariki tarehe 19 Juni 2003. Nilipokwenda kwenye ofisi ya mirathi, karani aliniuliza siku niliyofunga ndoa, nami nikajibu, "Wakati wa mavuno." Karani alicheka, na shemeji zangu walicheka pamoja naye. Kisha wakaniwekea karatasi, nikaibonyeza kwa dole gumba bila kujua ninachokubali. Mwaka uliofuata niliingia darasa la watu wazima, nikiwa na miaka thelathini na sita, nikakaa dawati moja na binti ambaye angeweza kuwa mwanangu. Tangu hapo hakuna mtu aliyenicheka kwa tarehe.

Katika darasa lile palikuwa na kitabu kikubwa cha picha za dunia, kimetolewa msaada, kimekatika mgongo. Ukurasa mmoja ulionyesha Angkor, mji wa mahekalu waliouacha Wakhmer huko Kambodia: mlango wa mawe umekumbatiwa na mizizi ya mti mnene kuliko mlango wenyewe. Mwalimu wetu alisema, "Wafalme walijenga, miti ikarithi." Sikuwahi kuona urithi uliogawanywa kwa haki namna ile. Nilibaki darasani wenzangu walipotoka, nikauchora ule mlango kwa penseli katika daftari langu, na daftari lile lilikuja nami Dubai chini ya nguo. Nilijiambia kwamba nitakapomaliza kuwasomesha wanangu, nitakwenda kusimama mbele ya mlango ule, mimi niliyewahi kusema "wakati wa mavuno".

Mtu wa kwanza niliyemwonyesha mchoro huo alikuwa Yaya. Aliugusa, bila shaka. Aliupitisha mkono juu ya mizizi yangu ya penseli, akauliza, "Na hawa wafalme, walikula wapi?" Nilimjibu kwamba lile lilikuwa hekalu, si nyumba ya kulia. Akasema, "Hata hivyo."

Ijumaa tarehe 24 Januari 2014 alikuja na bahasha. Madam na mumewe walikuwa wakienda mapumziko na mapacha, na walitaka yaya wao awepo. Alinipa fomu ya viza niijaze. Nilisoma jina la nchi, nikalisoma tena.

"Unajua unakokwenda?" nilimuuliza.

"Kwenye mji wako," alisema. Alikuwa akitabasamu. Aliniletea habari ile kama mtu anayekuletea zawadi. "Nilipolisikia jina, moyo uliruka. Nikasema, huku si ndiko kwa dada?"

Nilijaza. Jina, tarehe ya kuzaliwa iliyokuwa kwenye nakala ya pasipoti, namba. Nilifika mahali panapouliza kusudi la safari.

"Wanauliza unakwenda kufanya nini."

"Si uandike kazi? Naenda kulea."

"Madam wako ameagiza hapa pembeni iandikwe utalii."

Akajipiga paja, akacheka mpaka msusi akaacha kusuka. "Haya, mimi mtalii. Mtalii na nepi begani. Andika, dada, andika kabla hawajabadili mawazo."

Nikaliandika neno lile kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa zilizonyooka, kwenye fomu ya mtu mwingine. Akaniomba nimsomee fomu yote tangu juu. Nilipofika hapo nililiruka neno lile, na nadhani alitambua, maana alininyang'anya kalamu kwa upole, akaifunika.

Aliondoka Ijumaa tarehe 14 Februari, akarudi Jumamosi tarehe 22. Pasipoti yake aliishika kwa muda wa kuvuka uwanja wa ndege tu, kwenda na kurudi, kisha ikarudi kwenye droo ya Madam. Siku zile tisa nilikunja mashuka ya hoteli nikihesabu: leo wamefika, leo watakuwa mahekaluni, saa hizi huko jua linazama. Watu wa kwetu hutofautisha wivu na kijicho. Mwenye wivu anataka na yeye apate. Mwenye kijicho anataka mwenzake akose. Mpaka tarehe 22 nilikuwa na wivu.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 28 Februari 2014, chumba chetu kilijaa. Hata majirani wa ghorofa ya juu walikuja. Yaya alikaa katikati, sahani ya wali mapajani, wakamwomba asimulie.

Alianza na joto. Kisha ngazi zilizosimama wima kama ukuta, jinsi alivyozishuka kwa makalio, pacha mmoja mgongoni kwa leso, mwingine kifuani. Kisha viatu vya Madam vilivyokatika. Nilisubiri mlango. Nilisubiri mizizi. "Iko," alisema nilipouliza, "miti mikubwa tu, na watalii wamejipanga foleni wapigwe picha. Mtoto alinitapikia hapo." Kila mtu alicheka, na mimi nikahisi kitu kikichanika. Macho yale yalipewa mlango wangu, nayo yakaona matapishi.

"Lakini jiko nililipata," alisema, akashusha sauti.

"Wacha weee," msusi akasema. "Hekaluni?"

"Ukutani. Kuna hekalu lenye nyuso kubwa juu. Waajiri wangu walipanda kutazama nyuso, nikabaki chini kivulini na watoto. Nikautazama ukuta. Umechongwa watu, mwenzangu, watu wadogo kama kiganja. Wanawake wako sokoni na mizani. Kuna anayejifungua, mkunga kamshika. Na kuna jiko. Chungu kikubwa hivi, na watu wawili wamembeba nguruwe, astaghfirullah, wanamtia mzima. Chini yake mtu kachutama anachochea moto. Nilimgusa. Mlinzi akanipigia filimbi, lakini nilishamgusa."

Kisha msusi, aliyenigeukia kila jambo lilipohitaji mwamuzi, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma mji huo. Ni kweli?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja. Badala yake nilinyoosha mgongo, nikasema, "Kuta za mahekalu huchongwa miungu na wafalme. Hakuna mfalme anayejenga hekalu akachonga mpishi."

"Nilimwona, dada," Yaya alisema.

"Eh, lakini Muislamu ataota nguruwe?" msusi aliuliza, na wawili watatu wakacheka, upande wa Yaya.

Kicheko kile ndicho kilichonitoa maneno. "Asiyejua kusoma," nilisema, "huona kile anachokijua. Amepelekwa mbele ya kazi ya wafalme, ameona jiko."

Yaya aliitazama sahani yake. Alichukua punje moja ya wali iliyoangukia leso, akairudisha. "Sawa, Mwalimu," alisema. "Khalas, yamekwisha." Hakuwahi kuniita hivyo kabla, na safari ile hakuisimulia tena.

Neno langu lilikuwa na uzito mkubwa chumbani mle, nami nilijua. Tangu siku ile ikawa mzaha. "Yaya, leo umeona jiko wapi?" "Yaya, huko msikitini wamechonga nguruwe?" Alicheka nao. Aliendelea kuja, akaendelea kunipikia mahamri kila mfungo ulipokwisha, na nilipougua mgongo mwaka 2016 alinikanda kwa mafuta Ijumaa nne mfululizo, kwa mikono ileile. Alikuwa na safari moja tu maishani ambayo haikuwa ya kwenda kazini au kurudi kwao, na mimi nilikuwa nimeigeuza ndoto. Sikumwomba radhi, kwa sababu niliamini nilikuwa sahihi. Na kuamini huko kulinitosha kwa miaka minne.

Hotelini kwetu, kitu kilichosahauliwa na mgeni huandikwa katika daftari la vitu vilivyopotea, kikafungwa kwenye mfuko na kuwekwa kabatini. Mwenyewe asipokidai kwa miezi sita, aliyekiokota anaruhusiwa kukichukua. Alhamisi tarehe 3 Mei 2018 nilikuta ndani ya rundo la mashuka kitabu cha wasafiri kilichohusu Angkor. Nilikifungua nikiwa nimesimama kati ya mashine mbili. Nilitafuta mlango wangu, nikaupata. Nikageuza kurasa nyingine nne.

Chungu kilikuwepo. Watu wawili walikuwepo, na nguruwe kati yao, miguu juu. Aliyechutama alikuwa anachochea moto. Ukurasa wa pili ulikuwa na wanawake sokoni na mizani. Maelezo yalisema kwamba ukuta ule ni mashuhuri kwa kuonyesha maisha ya watu wa kawaida.

Nilikiandika katika daftari, nikakifunga mfukoni, nikakiweka kabatini. Kanuni ni kanuni, nilijiambia. Si changu bado, siwezi kumwonyesha mtu. Kwa miezi sita nilijificha nyuma ya kanuni ile. Tarehe 3 Novemba 2018 kikawa changu, nikakihamishia kwenye sanduku langu, chini ya daftari lenye mchoro. Kikakaa humo mwaka mzima. Kila Ijumaa Yaya aliketi juu ya kitanda, na kitabu kikiwa chini ya kitanda hicho. Sitatafuta jina zuri la jambo hilo. Alikuwa ameona ukweli kwa kidole, nami nikaukosa kwa kusoma, na sikutaka mtu ajue.

Mapacha walipofikia umri wa kutohitaji yaya, viza yake ilikatishwa. Ijumaa tarehe 8 Novemba 2019 aliniomba nifike kwa wakala wa mizigo huko Deira, baada ya sala, nimwandikie majina kwenye maboksi. Ndiyo desturi yetu: anayeondoka hutafuta mwenye mwandiko mzuri, kwa sababu boksi lililoandikwa vibaya huzunguka bandarini hadi mchele uote wadudu. Nilichukua kalamu nene. Nikachukua na kitabu.

Alikuwa na maboksi matatu, amelikalia moja. Msusi alikuwa kaunta akimgombeza karani kuhusu uzito. Niliandika jina lake pande zote sita za kila boksi. Nilipomaliza, sikuinuka.

"Yaya, nina neno."

"Sema, dada. Yalla, harakisha, karani atafunga."

Nikakifungua kitabu kwenye ukurasa ule, nikamwekea mapajani. Hakushtuka. Alitazama kwa muda, kisha akakisogeza kuelekea mwanga wa mlango.

"Hiki umekuwa nacho tangu lini?"

Swali la tarehe, kutoka kwake. "Tangu tarehe 3 Mei mwaka jana," nilisema.

"Mwaka jana." Alitikisa kichwa polepole. "Na unataka kuniambia nini?"

"Kwamba nilikosea."

"Siku ile tulikuwa wawili?"

"Hapana."

"Basi muite yule."

Nilimtazama msusi pale kaunta, mgongo umenigeukia, mwanamke aliyenishushia miguu kwa miaka minane. Nilifikiria karani wa mirathi. Kisha nikamwita. Alikuja akijifuta jasho.

"Kuna nini tena, nyabo?" aliuliza, akiniita bibi kwa Kiganda.

"Tarehe 28 Februari 2014," nilisema, "niliwafanya mwamini Yaya ameota. Hakuota. Jiko lipo ukutani, na nguruwe yupo, na aliyechochea moto yupo. Mimi sikuwa na elimu ya jambo lile. Nilikuwa na kijicho."

Msusi aliinama juu ya kitabu. "Na huyu nguruwe kweli," alisema. "Miaka yote tumemcheka mtu bure. Mwalimu, wewe..." Akarudi kaunta, na sauti yake kwa karani ikawa ya chini.

Yaya alikuwa amekwisha weka kidole juu ya picha. "Huyu," alisema. "Nilimgusa hapa, begani. Lilikuwa na joto hilo jiwe, dada. Limeshinda juani tangu asubuhi, kivuli kimekuja baadaye. Nikasema, huyu bado anapika." Kidole hakikuondoka. "Hasira zilinikaa, usidhani hazikunikaa. Nilikuwa nakukanda mgongo nikisema, leo nimkande au nimfinye."

"Ungenifinya."

"Nilikufinya. Hukujua tu."

Nikamwambia kitabu ni chake, nimemletea aende nacho. Alikifunga, akakipapasa jalada mbele na nyuma kama alivyopapasa kila kitu, kisha akakirudisha mikononi mwangu.

"Kaa nacho wewe," alisema. "Mimi nilifika."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekataa sahani ya pili. Karani alimwita akaweke dole gumba kwenye risiti, akainuka, akaenda, mkono mmoja ukipita juu ya maboksi yake akizihisi herufi zangu. Nilibaki nimekaa. Nilikifungua kitabu tena, nikaweka kidole changu begani mwa yule mchochea moto, palepale. Karatasi ilikuwa bado na joto kidogo, na joto lile lilikuwa lake.